Nyumba ya Tuttle Yahama Hatua Sabini

Jotham Crandall hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa bega, theluji ikaingia pamoja naye hadi katikati ya chumba, akasimama akiutazama ukuta wa magogo jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe mnadani. Lovina Tuttle alikuwa anakanda unga wa mahindi. Mumewe, Asahel, alikuwa chini sakafuni akitengeneza nira. Mama mkwe, Bibi Keturah, alikuwa kitini pake karibu na moto, na ndiye aliyefungua kinywa kwanza.

"Funga mlango, Jotham. Humu mna watu."

"Nitaufunga, Bibi. Nitauachaje wazi, na mlango wenyewe ni wangu?"

Asahel aliinua kichwa. Alijua jirani yake huyo wa upande wa mashariki ni mtu wa maneno, lakini si wa mzaha.

"Nimekiona kigingi cha wapima ardhi wa serikali," Crandall akasema. "Kile walichokipigilia Novemba kabla theluji haijaanguka. Nimefukua kwa mikono yangu mwenyewe. Kiko nyuma ya zizi lenu, upande wa machweo. Nimehesabu hatua sabini kutoka kigingini mpaka mlangoni hapa. Kwa hiyo, Asahel, nyumba hii iko kwangu. Kisima kiko kwangu. Hata wewe Bibi, hapo ulipokaa, umekaa kwangu."

"Basi nipikie kahawa," Bibi Keturah akajibu. "Nimekuwa mgeni wako."

Crandall hakucheka. Alisema karani wa ofisi ya ardhi angepita Jumamosi kuwaapisha walowezi wa bonde lile, na sheria kila mtu anaijua: asiye na nyumba anamolala ndani ya ardhi anayoidai, hana ardhi. Shemeji yake alikuwa tayari kuidai ile ya akina Tuttle, ekari zote mia na sitini. "Sina ubaya na mtu," akaongeza akielekea mlangoni. "Mpaka ni mpaka." Akaondoka, na mlango akauacha wazi vile vile.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Wale wapimaji walikuwa walevi," Asahel akasema, akitafuta kofia yake. "Mimi nilipima eneo hili kabla hawajafika na minyororo yao. Nilipima sawasawa!"

Alitoka na koleo begani kwenda kutafuta vigingi. Lovina alibaki na unga vidoleni. Alikuwa ameshaliona kosa lilipo.

Walipofika Iowa miaka minne nyuma, hapakuwa na mpaka wowote wa kuonekana ila ule mmoja wa mashariki, kwenye jiwe kubwa karibu na mto. Walipima kama walivyopima walowezi wote: unafunga kitambaa kwenye gurudumu la gari la maksai, unahesabu kitambaa kimezunguka mara ngapi, unazidisha kwa urefu wa mzunguko mmoja. Kutoka jiweni kwenda magharibi, nusu maili ya kwanza ni ile ya Crandall; ilipoishia ndipo ardhi yao ilipaswa kuanza. Asahel aliliongoza gari na kufanya hesabu. Lovina alifunga kitambaa na kuhesabu mizunguko. Gurudumu la nyuma lilikuwa limejaa tope, naye akaona ataumia shingo kugeuka nyuma kila mara, basi akakifunga kwenye gurudumu la mbele. Asahel akazidisha kwa kipimo cha gurudumu la nyuma. Na gurudumu la mbele, jamani, ni dogo! Kila mzunguko ulipunja futi moja na zaidi, na mizunguko ilikuwa mia mbili na tatu. Walisimama kabla hawajafika, wakachimbia kigingi chao, wakajenga, wakashukuru Mungu.

Hakuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja mpaka Crandall aliposema hatua sabini.

*

Jumanne Asahel alipitia kinu cha unga, na habari ilikuwa imeshatangulia. Wanaume waliokaa kuzunguka jiko walimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu wa Hesabu!" Mwingine akamuuliza kama kinu kiko hapo kilipo au amekihamisha kidogo. Kwa miaka minne Asahel alikuwa amejivuna kwamba yeye alisoma shule Ohio mpaka kwenye kugawanya, na sasa walikuwa wanamrudishia kwa riba. Aliacha unga wake pale pale akarudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini alipoingia, uso wake haukuwa wa mtu aliyeaibishwa. Macho yalikuwa yanang'aa, na Lovina hakuupenda mng'ao ule.

"Nimekipata kigingi cha pili," alisema. "Kile cha mpaka wetu na akina Beasley, huko magharibi. Sikilizeni. Nahum Beasley alipokuja alianzia kupima kwenye kigingi chetu, kwa kamba. Kwa hiyo naye amekosea kama sisi. Nyumba yake iko ndani ya ardhi yetu, hatua arobaini."

"Masikini Nahum," Bibi Keturah akasema.

"Masikini nini, Mama? Sisi tunahitaji nyumba ndani ya ardhi yetu kufikia Jumamosi, na nyumba ipo! Ina sakafu ya mbao. Ina madirisha mawili ya kioo. Crandall akichukua hii, sisi tunachukua ile, na Nahum atakwenda kulalamika kwa wapimaji. Sheria ni ile ile."

"Wana watoto sita," Lovina akasema.

"Na mimi nina mama mzee! Unataka nimlaze wapi, chini ya gari?"

"Usinitaje mimi kwenye uchafu huo," Bibi Keturah akamkata. Aliweka kikombe chake chini. "Wameskwaki, wenyeji waliokuwa wakiishi bonde hili, waliondoshwa, hata siku kumi hawakupewa. Tulikuta majivu yao bado yana moto, tukapiga kambi juu yake na hatukuuliza mtu. Nalifikiria hilo kila nikilala. Sasa unataka tuwafanyie na majirani. Ukifika mahali pa kukaa kwa namna hiyo, utakaa vipi na roho yako?"

Hakuwa mtu mbaya, Asahel. Alikuwa mtu aliyechekwa kutwa nzima, na mtu aliyechekwa hutafuta wa kumkandamiza.

Lovina akaona kama hasemi sasa hatasema tena.

"Hesabu yako ilikuwa sawa," akamwambia. "Kitambaa nilikifunga gurudumu la mbele."

Midomo ya Asahel ikawa inatikisika bila sauti, na Lovina alijua anazidisha. Kisha akakaa juu ya gunia.

"La mbele?"

"La mbele. La nyuma lilikuwa na tope."

"Miaka minne, Lovina! Nimetukanwa leo mbele ya watu wazima, nimeitwa mwalimu wa hesabu, nimewatetea wapimaji... nimewatukana wapimaji, na kumbe ni wewe!"

"Ni mimi. Na wewe hukuuliza ni gurudumu gani."

Hasira ya Asahel ikawa imekosa pa kukaa. Akatoka kwenda kupasua kuni, akazipasua nyingi kuliko walizohitaji.

*

Katika bonde lile kulikuwa na utaratibu wa kuomba mikono ya watu. Mwenye shida huja mwenyewe, hatumi mtu. Husimama uani, hakaribii mlango, huvua kofia, husema anachotaka na kwa nini, wenyeji wote wakisikia. Hakaribishwi ndani mpaka ajibiwe. Wakati wa kiangazi si neno. Januari ni adhabu, na ndiyo maana ya utaratibu wenyewe: asiyekuwa na shida ya kweli hatasimama.

Kwa kawaida alisimama mwanamume. Jumatano asubuhi aliyesimama uani kwa akina Beasley alikuwa Lovina, shali ameivua kichwani, masikio yamekuwa mekundu.

Nahum Beasley alitoka kizingitini, jitu la mtu, kijiko mkononi. Mkewe Philura alisimama nyuma yake na watoto wakachungulia katikati ya miguu.

"Nimekuja kuomba maksai na mikono," Lovina akasema kwa sauti ya kutosha. "Nyumba yetu iko kwa Crandall, hatua sabini. Nataka kuivuta yote, ilivyo, juu ya magogo, ifike kwetu kabla ya Jumamosi. Na sababu ni kwamba nilifunga kitambaa kwenye gurudumu lisilo lake. Kosa ni langu, si la mume wangu. Na kwa kuwa ninyi mlipima kutoka kigingi chetu, nyumba yenu nayo imekosea. Mmesimama kwenye ardhi yetu hivi sasa, hatua arobaini."

Kijiko cha Nahum kikabaki hewani.

"Rudia hilo la mwisho," Philura akasema, akimpita mumewe.

Lovina akarudia.

"Kwa hiyo mngeweza kungoja Jumamosi, mkaja na karani, mkaketi mezani kwangu."

"Tungeweza."

"Na Asahel anajua?"

"Anajua."

"Na alisemaje?"

Baridi ilikuwa imeshapenya viatu, na Lovina hakuona sababu ya kumvua nguo mumewe uani kwa watu. "Niko hapa, Philura. Mimi ndiye jibu."

Philura alimwangalia juu mpaka chini. Ilionekana wazi kwamba amekwishaelewa yote, pamoja na yale ambayo hayakusemwa. "Wewe mwanamke," akasema, "umenitia hasara na kuniokoa kwa pumzi moja. Sijui nikupige au nikupe uji."

"Ya nani itavutwa kwanza?" Nahum akauliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kuinua nyumba moja, kukata bomba lake la moshi, kuipitishia magogo chini na kuivuta, ni kazi ya siku nzima kwa watu thelathini. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu za kazi, na mawingu ya kusini yalikuwa yameanza kubeba joto. Barafu ikiyeyuka, hakuna nyumba itakayoteleza.

"Yenu, kesho," Lovina akasema. "Yetu, Ijumaa."

"Na Ijumaa ikinyesha?"

"Kosa ni langu. Yenu kwanza."

Nahum akasogea pembeni ya mlango. "Ingia, mama. Ingia unywe uji."

*

"Umewapa wao siku ya kwanza!" Asahel alipaza sauti. "Lovina, hebu lisikie joto lile linavyokuja! Umetutupa nje!"

"Kama tungevuta yetu kwanza, ungeamka Ijumaa nyumba yako iko salama na ya Nahum iko ndani ya ardhi yako. Ungekuwa na usiku mzima wa kufikiria."

Alikuwa amemgusa penyewe. Asahel akachukua kofia.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Maksai wa Nahum ni jozi tatu na sisi tuna mbili. Tunahitaji kumi na mbili. Wewe umeshasimama kwenye ua mmoja, nyingine ni zangu."

Alisimama katika nyua saba siku hiyo. Pale kwa mwenye kinu, mzee yule alimwacha na kofia mkononi mpaka nywele zikaganda, kisha akamuuliza mbele ya wanawe na wakwe zake: "Saba mara nane?"

Watu wakaangua kicheko. Siku mbili nyuma Asahel angegeuka aende zake.

"Hamsini na sita," akasema.

"Leo umepata. Chukua jozi mbili, na mnyororo mkubwa."

*

Alhamisi nyumba ya akina Beasley ilivutwa kama sufuria juu ya meza. Iliondoka saa nne, saa tisa ilikuwa imetulia upande wake wa kigingi, watoto sita wakipiga kelele madirishani, na Philura akizunguka nje kuhesabu vioo. Hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Ijumaa mambo yalikuwa mengine. Asubuhi matone yalianza kudondoka kutoka paani, na theluji ikawa nzito, ya rangi ya kijivu. Wanaume walikuwa wamekata bomba la moshi tangu alfajiri na kuiinua nyumba kwa miti mirefu. Magogo mawili ya mwaloni yalikuwa chini yake. Jozi kumi na mbili za maksai zilisimama zikitoa mvuke. Bibi Keturah alikataa kutoka. Alisema hajalala nje ya nyumba ile usiku hata mmoja, na hataanza kuihama mchana. Walimfunika mablanketi matatu, wakampa chungu cha chuma chenye makaa, wakamwacha na kiti chake.

Crandall akaja akasimama mbele ya maksai wa kwanza.

"Kilichosimama kwenye ardhi yangu hakitoki," akasema. "Mashahidi ni ninyi."

Watu wakatazamana. Si kwamba walimpenda, ila neno sheria lilikuwa zito midomoni mwa kila mmoja wao, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa likisimama kati yao na matajiri wa mashariki waliokuja kununua bonde zima.

Lovina alipita katikati ya nira mpaka akasimama mbele yake.

"Umeapa, Jotham?"

"Nitaapa kesho."

"Basi leo ardhi hii si yako. Ni ya serikali, na serikali haijanikataza kuhamisha magogo niliyoyakata kwa shoka langu. Kesho rudi uniambie hivyo, utanikuta nimeshaondoka."

"Na kama huwezi kungoja," sauti ya Bibi Keturah ikatoka dirishani, "chukua nyumba na vilivyomo. Mimi nakula mara tatu kwa siku, nakoroma, na nina miaka ishirini mbele yangu!"

Kicheko kilichozuka kilimsukuma Crandall kando kuliko ambavyo mkono wowote ungeweza. "Kisima hakivutwi," akasema akisogea.

"Kisima kibaki," Lovina akajibu, ingawa kilimuuma. Alikuwa amechimba nusu yake kwa mikono yake.

Nahum akapaza sauti, mijeledi ikalia, minyororo ikakaza, na nyumba ikaanza kutembea. Hatua kumi. Ishirini. Vyombo viligongana ndani na Bibi Keturah akasikika akivikemea. Hatua hamsini. Kisha, pale palipokuwa na kibonde, gogo la kushoto likazama kwenye tope, nyumba ikainama, maksai wawili wakapiga magoti. Nira moja ikapasuka kwa sauti kama ya bunduki.

"Mama!" Asahel akapiga kelele.

"Nipo! Endeleeni, makaa yanapoa!"

Hawakuweza kuendelea. Walichimbua, wakasukuma, wakatandika matawi, na gogo likazidi kushuka. Mvua nyepesi ikaanza. Zilikuwa zimebaki hatua ishirini. Lovina aliishika pembe ya nyumba kwa mikono miwili, kana kwamba mtu mmoja anaweza kuishikilia nyumba, na woga aliokuwa ameukwepa wiki nzima ukampata hapo. Angekuwa amewafukuza watu wake kwenye ardhi yao kwa sababu ya tope la gurudumu. Alitamani kupiga mayowe.

Ndipo Philura Beasley akaja kupitia uwanja na watoto wake wote sita, kila wawili wakibeba ubao. Zilikuwa mbao za sakafu yake, zile alizozisubiri miaka mitatu, misumari bado inaning'inia.

"Philura, hapana," Lovina akasema. "Zitapasuka."

"Zitapasuka. Na Asahel atanipasulia nyingine, za mwaloni, kabla ya Pasaka. Unasikia, Asahel?"

"Nasikia," Asahel akasema. Hakuweza kumtazama machoni. "Nitapasua za vyumba vyote."

"Nina chumba kimoja. Lete mti hapa, inua!"

Walizitandika kama reli. Wanaume thelathini wakainua kwa miti, maksai wakavuta, mbao zikalia moja baada ya nyingine zikivunjika, na nyumba ikapanda kutoka kibondeni, ikapita kigingi, ikaendelea hatua nyingine thelathini kwa sababu Nahum alikataa kuwasimamisha maksai. "Nataka hata kivuli chake kisiguse kwa Crandall," akasema.

*

Karani wa ofisi ya ardhi alifika Jumamosi kabla ya adhuhuri, kijana mwembamba mwenye mafua, akaketi mezani kwa akina Tuttle na kitabu chake kikubwa. Walikuja naye akina Beasley, mwenye kinu, na watu wengine waliotaka kuona mwisho. Crandall naye alikuja, na shemeji yake.

"Muulize nyumba hii ilikuwa wapi juzi," Crandall akasema. "Muulize kwa kiapo!"

Kati ya wote waliokuwamo hapakuwa na hata mmoja, mbali na hao wawili, ambaye asingeapa kwamba nyumba ilisimama hapo tangu kuumbwa kwa dunia. Nahum alikuwa ameshavua kofia tayari. Asahel angesema neno moja tu na wangemfuata.

Karani akapenga kamasi. "Bwana Tuttle, mkono juu ya Biblia. Nyumba hii iko kwenye ardhi hii tangu lini?"

Lovina aliuona mkono wa mumewe ukishuka juu ya kitabu. Ulikuwa na malengelenge ya minyororo.

"Nyumba, tangu jana, saa kumi alasiri," Asahel akasema. "Sisi wenyewe tunalima hapa mwaka wa nne. Jana nyumba ndiyo ilitufuata."

Kalamu ya karani ilisimama. "Ilitoka wapi?"

"Kule, kwa Jotham. Tulikosea kupima."

"Nani alikosea?"

Lovina alivuta pumzi aseme. Asahel hakumpa nafasi.

"Sisi," akasema. "Yeye alifunga, mimi nilizidisha. Tulikosea pamoja."

Karani aliwatazama mmoja mmoja, akatazama kuta, akamtazama Bibi Keturah aliyekuwa anamenya viazi bila kujali mtu. "Bibi, usiku wa jana ulilala wapi?"

"Humu. Na nililala vizuri, asante."

"Sheria inaniamuru niulize kama mnaishi kwenye ardhi yenu," karani akasema, akichovya kalamu. "Hainiamuru niulize nyumba imekuja kwa miguu au kwa maksai." Akaandika. Kukwaruza kwa kalamu ile kulisikika chumba kizima. Akapuliza wino, akamgeuzia Asahel kitabu atie sahihi, kisha akamwambia Crandall kwamba zamu yake itafika na ajiandae kujibu maswali yake mwenyewe.

Crandall alitoka. Safari hii aliufunga mlango.

Watu wakapiga kelele, Nahum akampiga Asahel mgongoni nusura amwangushe kwenye moto, na Lovina, ambaye hakutoa chozi tangu Jumatatu, aliketi kitandani akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti kama mtoto. Alilia kwa furaha na kwa uchovu, na hakumwonea haya mtu yeyote. Alipofunua uso, Asahel alikuwa amesimama mbele yake, sururu moja mkononi, ya pili amemnyooshea.

"Malizia kulia, mke wangu," akasema. "Karani anaomba maji ya kunywa, na sisi hatuna kisima."

Lovina akapangusa macho, akavaa viatu vyake, akaipokea sururu.